Eda Stesheni

Rangi ilikuwa mbichi bado. Zuleica aliiona kabla hajafika uani, beseni la mandazi kichwani, chupa ya chai mkononi, akadhani ni jua linamchezea macho. Alama ya mkasi, X nyekundu, kubwa, imepigwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yao, ukuta aliokandika babake kwa mikono yake. Chini ya mkasi, neno moja la Kireno: VAZIA. Yaani tupu. Nyumba haina mtu.

"Mama! Mama, umo?"

"Nimo. Ningekuwa wapi?"

Kweli, angekuwa wapi? Mama yake, Mwanawetu, alikuwa palepale alipomwacha asubuhi, kwenye mkeka nyuma ya pazia, kajitanda shuka jeupe. Yuko eda. Tangu mumewe Abdulcarimo atolewe kwa mlango ule akiwa kwenye jeneza, hajavuka kizingiti. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya marehemu, bila wanja, bila marashi, bila kuonana na mwanaume wa nje. Na pale mtaani Mchangani wanawake wakubwa waliongeza la kwao: mjane hatoi hata sauti. Mwanaume mgeni akipiga hodi, hajibiwi. Akinyamaziwa, mwenyewe anaelewa, anakwenda zake.

"Walikuja wanaume," Mwanawetu alisema. "Wakapiga hodi, wakarudia, wakarudia tena. Nikanyamaza. Watu wa hapa wangeelewa."

"Si watu wa hapa hao, mama! Wa stesheni! Wameandika nyumba tupu!"

"Mmoja alikuwa wa hapa." Mwanawetu alivuta shuka. "Baba yako mdogo. Sikumwona, ila alikohoa. Kikohozi cha Sualehe nakijua tangu hajaota ndevu."

Zuleica alitua beseni. Mandazi mawili yakaangukia mchangani na hakuyaokota.

Ng'ambo ya uzio wa waya stesheni ilikuwa inang'aa. Bati la buluu, jukwaa refu la zege, viti vya chuma, saa kubwa ukutani, na ubao juu: ESTAÇÃO MCHANGANI. Reli nayo ipo! Inaanzia mwanzo wa jukwaa, inaishia mwisho wa jukwaa, kwisha. Treni ya kupeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya gesi itakuja awamu ya pili, ndivyo walivyosema. Awamu ya kwanza ni mabasi. Na mabasi yanataka pa kuegesha, na pa kuegesha ndipo hapo penye nyumba ya Mwanawetu.

Majirani walishaandikwa, wamepewa nyumba za tofali upande wa Mute, wameanza kuhama. Mwanawetu hakukataa kuhama. Alichoomba ni kimoja, aachwe amalize eda yake. Na aliyetumwa ofisini kulisema hilo, kwa kuwa ndiye mwanaume pekee wa ukoo aliyebaki, alikuwa Sualehe, mdogo wake marehemu. Alikwenda na shati la Idi, akarudi anacheka. "Nimesema, shemeji. Wamekubali." Wiki hiyohiyo akapata kazi ya kulinda geti.

Nyumba tupu haipewi kitu. Tangu vita vya kule Palma watu wengi walikimbia na hawakurudi, kwa hiyo kampuni iliweka sheria yake: nyumba isiyojibu hodi imeachwa. Inavunjwa, basi.

*

"Una miadi?" Sualehe aliuliza getini.

Alivaa koti la kung'aa rangi ya chungwa, filimbi shingoni. Koti lilikuwa jipya hata mikunjo ya dukani haijatoka.

"Baba mdogo, ni mie."

"Nakuona. Una miadi?"

"Miadi ya nini? Wewe si ndiye uliyekuja nao jana? Ulisimama uani kwetu, ukakohoa!"

Sualehe aliangalia huku na huku. Wafanyakazi wawili waliozoea kunywa chai kwa Zuleica walikuwa wanapita, mmoja akachekea kofia yake. "Hapa kazini," Sualehe alisema kwa sauti ya kusikika, "hakuna baba mdogo. Kaa pale usubiri."

Pale palikuwa juani. Hakuna kiti, hakuna kivuli. Zuleica alikaa juu ya tofali mpaka tofali likawa moto. Watu waliingia na kutoka. Gari la maji likapita likamrushia tope kwenye kanga. Sualehe alilifungulia geti, akalifunga, hakumtazama.

Alipoitwa ilikuwa mchana. Ofisi yenyewe ni kontena, ndani baridi kama kaburi. Senhora Margarida, mtu wa kushughulikia mambo ya wenyeji, alimpa kiti. Mhandisi Tomás, mkubwa wa ujenzi, wanayemwita chefe, alibaki amesimama, anaongea na simu, anaongea na Zuleica, hujui lipi la nani.

"Nyumba ile ni tupu," Tomás alisema.

"Mama yangu yumo."

"Tulipiga hodi."

"Yuko eda, chefe! Mjane hajibu hodi ya mwanaume."

"Tulikuwa na mtu wenu. Tulimuuliza, kuna mtu humu? Hakusema kuna mtu."

"Alisema hakuna?"

"Hakusema kuna. Kwetu ni sawa." Tomás akarudi kwenye simu yake.

Margarida alikuwa wa mji wa Pemba, hukuhuku Msumbiji, Kimwani anakijua, eda anaijua. Uso wake ulionyesha kwamba anaijua. "Mlete mama hapa, Zuleica. Dakika moja tu, tumwone."

"Akitoka nje eda imevunjika."

"Basi mpige picha. Simu unayo."

Zuleica aliishika simu yake kama mtu kaambiwa ashike nyoka. "Picha ya mama yangu yuko eda, mje muitazame nyie humu? Na huyu chefe? Na huyo anayeleta maji?"

Tomás alicheka puani. "Mnataka nyumba, lakini hamtaki kuonekana. Sasa mimi nimjengee nani? Pepo?"

"Nitakwenda mimi," Margarida alisema haraka. "Mimi ni mwanamke. Kesho nitakuja kumwona mwenyewe."

*

Margarida alikuja kweli, usimseme. Lakini sheria ya kampuni ilikuwa kwamba havuki uzio bila ulinzi, kwa hiyo alikuja na wanaume wanne wenye bunduki na mabuti. Wakaingia uani wakakanyaga majivu ya jiko. Bata wakaruka juu ya kuni.

"Karibu, senhora," Zuleica alisema. "Wewe ingia. Hawa wabaki."

"Sisi tunatangulia," alisema mkubwa wa walinzi. "Chumba chochote anachoingia, sisi tunakiona kwanza."

"Humo hamwingii! Mama yuko eda!"

"Basi na yeye haingii."

Margarida alisimama mguu mmoja kizingitini, mmoja nje, na mkono wa mlinzi umemkingia kifuani kama komeo la mlango. "Mama Zuleica," aliita. "Ni mimi, Margarida. Sema neno moja tu. Sema nipo."

Ndani Mwanawetu alisikia mabuti, alisikia pumzi za wanaume, aliwahesabia hata bunduki kwa kugongana kwake. Neno lilimfika kooni. Lakini mama yake mzazi alikaa eda humuhumu Mchangani, na nyanya yake vilevile, na hakuna mwanaume mgeni aliyewahi kusimulia sauti zao. Akainuka, akashika mchi, akaanza kutwanga kinu kisicho na kitu. Tu! Tu! Tu!

"Mnasikia?" Zuleica alipiga kelele. "Mnasikia? Kinu kinajitwanga?"

"Nasikia kinu," alisema mlinzi. "Kinu si mtu."

Redio ya Margarida ikakwaruza. Sauti ya Tomás: "Umemwona?"

"Nimesikia mtu anatwanga."

"Sijakuuliza hivyo. Umemwona?"

Margarida alimtazama Zuleica, akautazama ule mkono kifuani kwake. Angeweza kuusukuma. Ulikuwa mkono tu. "Sijamwona," alisema, na akaondoka haraka huku bata bado wanalalamika.

*

Sualehe alikuja jioni hiyo bila koti lake la chungwa, amelikunja kwapani. Alikaa barazani, mgongo kwa mlango, kama adabu inavyotaka. Yeye shemeji, si mgeni, Mwanawetu anaweza kuongea naye nyuma ya pazia. Na aliongea!

"Ulikohoa, Sualehe."

"Shemeji, nisikilize."

"Koo ulikuwa nalo. La kukohoa ulikuwa nalo. La kusema ndani yumo mke wa kaka yangu, lilikupotea?"

"Ningesemaje? Wanaume wageni watano! Niwaambie humu kuna mwanamke peke yake, yuko eda, amejifungia? Hiyo ni heshima? Kaka angenilaani."

"Ofisini je? Ulipotumwa ukaseme?"

Sualehe alichezea filimbi. "Nilifika. Wakaniuliza, umefuata kazi? Nikaona nikianza na maneno ya eda watanitoa. Nikasema ndiyo, nimefuata kazi. Nilitaka nikishaingia ndani ndipo niseme."

"Ukaingia ndani."

"Nikaingia."

"Ukasahau."

Zuleica alikuwa jikoni anachochea kuni ambazo hazina moto. "Hakusahau, mama! Angesahau angekuja kula hapa kama zamani. Alikuwa anatukimbia!"

"Wewe mtoto nyamaza, mimi ni baba yako."

"Hapa nyumbani hakuna baba mdogo," Zuleica alisema. "Una miadi?"

Sualehe akainuka. Akasema alichojia, haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu: mashine inakuja keshokutwa asubuhi. Stesheni inafunguliwa, mkubwa anatoka Maputo kwa ndege, hawataki aone kibanda katikati ya uwanja wa mabasi. Yeye kaleta msaada, gari la kumpeleka Mwanawetu Mute, kwake, kuna chumba cha nyuma alichokuwa anafugia kuku, kimefagiliwa.

"Sheikh nimemuuliza," aliongeza. "Amesema mjane akilazimika kuhama, anahama, anamalizia eda hapo anapofikia. Hakuna dhambi."

Nyuma ya pazia Mwanawetu akauliza, polepole, "Hapo anapofikia?"

"Ndiyo, shemeji."

"Popote?"

"Popote penye stara. Ndivyo alivyosema."

"Haya. Nimesikia. Nenda na gari lako."

*

Mashine ilikuja ya manjano, inanguruma, na Tomás mbele yake amevaa kofia ngumu. Dereva wa mashine alipoona wanawake uani alizima injini. Tomás akamwashia macho, naye akaiwasha tena. Sualehe alikuwa pembeni na koti lake, filimbi mdomoni, haipulizi.

Wanawake hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililowashangaza. Bibi Umi wa nyumba ya pili, na wanawake waliokwishahamia Mute na wamerudi kwa miguu alfajiri ile, kila mmoja alikuwa na kanga mkononi. Ukuta wa jiko ulipoguswa na kuanguka, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi hilo wakaziinua kanga juu, mkono kwa mkono, wakatengeneza chumba. Chumba cha nguo, kinatembea. Mwanawetu akavuka kizingiti akaingia katikati yake.

Kutoka nje uliona miguu tu. Miguu mingi ya wanawake, na katikati jozi moja iliyopauka kwa kukaa ndani.

"Gari liko hapa!" Sualehe aliita. "Shemeji! Huku! Mute ni huku!"

Chumba cha kanga hakikwenda huku. Kilikwenda moja kwa moja mpaka getini. Na getini hakuna mlinzi, mlinzi si yuko uani anaita watu garini? Kikapita. Kikapanda ngazi za zege, kikatembea juu ya jukwaa chini ya saa, mpaka mwisho, penye mlango mmoja ulioandikwa SALA DE ESPERA, chumba cha kusubiria abiria. Kipya, kina harufu ya rangi, kina kuta nne na mlango unaofunga. Mwanawetu akaingia. Zuleica akamwingizia mkeka, kinu na mchi. Akafunga, akatundika kanga nje ya kitasa, akakaa chini mbele ya mlango.

Tomás alifika anahema. "Nini hiki?"

"Mama yangu yuko eda," Zuleica alisema. "Mmeivunja nyumba, amehamia hapa. Popote penye stara, sheikh amesema. Hapa pana stara."

"Mtoe!"

"Mtoe wewe. Ingia."

Tomás akashika kitasa. Nyuma yake mafundi walikuwa wamekusanyika, wapakaji rangi, waweka vigae, wengi watoto wa Palma na Mbau na Quiterajo, na wote walikuwa wamegeuka, wameutazama uzio. Wamempa mlango migongo. Hakuna aliyewaambia. Dereva wa basi la kwanza, mtu mzima anaitwa Ussumane, alisema bila kugeuka, "Chefe, ukiufungua mlango huo, kesho basi langu utaendesha mwenyewe."

Tomás akaachia kitasa. Akamwita Margarida. Margarida hakuonekana.

*

Siku ya ufunguzi walipamba. Utepe, vipaza sauti, maji ya chupa. Mbele ya mlango wa chumba cha kusubiria wakaweka miti ya plastiki kwenye vyungu, Zuleica wakamsogeza nyuma ya uzio na wanawake wengine. Mabasi yalikuwa yaje mpaka jukwaani, mkubwa ayapungie mkono. Hayakuja. Ussumane alisimamisha lake barabarani kabisa, na la nyuma likasimama nyuma yake, na la nyuma tena. Wafanyakazi wakashuka na kutembea mchangani kwa mstari, vichwa vimeinama.

"Mbona hawaingii?" mkubwa aliuliza. Alikuwa mnene, mpole, anajifuta jasho.

"Ni mazoezi ya usalama, Excelência," Tomás alisema.

Wakatembea jukwaani. Mkubwa akaisifu saa. Akaisifu reli, akauliza treni iko wapi, akaambiwa awamu ya pili, akasema vizuri sana. Akafika kwenye miti ya plastiki.

"Na humu?"

"Chumba cha abiria. Ufunguo umekwama kidogo."

"Kuna mtu ndani?"

Tomás akageuka kwa Sualehe, ambaye alikuwa amesimamishwa hapo kusudi, koti limepigwa pasi. "Mlinzi," alisema, na macho yake yalisema mengine, "kuna mtu humu?"

Watu wote wa Mchangani waliokuwa kwenye uzio walimtazama. Zuleica alishika waya kwa vidole vyote. Sualehe akafungua mdomo. Akakohoa.

"Tupu," alisema. "Hakuna mtu, chefe."

Basi mle ndani kinu kilianza. Tu! Tu! Tu! Vyungu vya miti ya plastiki vikatetemeka. Mkubwa aliruka nyuma hatua moja, walinzi wake wakashika bunduki, na ndipo sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mlango, nzito, kavu, kama imekaa ghalani.

"Mimi Mwanawetu, mke wa Abdulcarimo. Nipo. Nilikuwepo siku ile, nipo leo. Sauti yangu mmeitaka, haya, mmeipata."

Nyuma ya uzio Bibi Umi alianza kulia, si kwa furaha. Mwanamke kaitoa sauti yake mbele ya wanaume, akiwa eda, mbele ya vipaza sauti vya watu. Hilo halirudi.

Mkubwa aliuliza kwa Kireno, wakamweleza kwa Kireno, akatikisa kichwa. "Mpeni nyumba mama huyu," alisema. "Kuna tatizo gani?" Akakata utepe.

*

Nyumba walimpa. Mute, ya mwisho kabisa, bila mlango wa nyuma. Hakwenda. Alimalizia eda palepale stesheni, na mabasi yalisimama barabarani muda wote huo, na wafanyakazi walichelewa, na Tomás alikonda.

Alfajiri ya kutoka eda, wanawake walimwogesha jukwaani nyuma ya kanga zilezile. Wakamvika kanga mpya, wakampaka mafuta. Kulipopambazuka Tomás alikuja na fundi mmoja na bisibisi. Hakusalimia. Alimwonyesha fundi mlango wa chumba cha kusubiria, na fundi akaanza kuufungua bawaba. Mlango ukatoka mzima, wakaubeba. Tomás alisema chumba cha abiria hakihitaji mlango, ni makosa ya mchoro.

Mwanawetu alikuwa bado amekaa ndani, juu ya mkeka wake, uso wazi kwa mara ya kwanza, anangoja Zuleica alete gari la mizigo. Jua likamwangukia lote.

Sualehe akatumwa kumwambia atoke. Alisimama pale ulipokuwa mlango, hatua tatu kutoka kwake, na koti lake la chungwa. Hakuwa na pa kugonga.

"Shemeji," alisema. "Wanataka kufagia."

Mwanawetu alimtazama. Eda imekwisha, ulimi ni wake, anaweza kumjibu yeyote. Hakumjibu.

"Hodi, shemeji."

Kimya.

"Hodi."

Kutoka mwisho wa jukwaa Tomás alipaza sauti, "Yumo bado?"

Sualehe alikohoa.